Twala'al badru alaina: maana, asili na nota zake. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Twala'al badru ni kasida ya Kiarabu ya kumpokea Mtume Muhammad (s.a.w.), na wanaouliza kuihusu ni wa aina mbili. Kuna mzazi au mwalimu wa madrasa anayetaka kujua watoto wanaimba nini hasa, na kuna mwalimu wa muziki au wa kwaya ya shule anayetafuta karatasi ya nota "iliyo sahihi". Majibu yao yamewekwa pamoja hapa kwa sababu nota za wimbo huu hazieleweki bila maneno yake.

Maneno yake kamili ni yapi?

Beti zinazojulikana na wengi ni hizi, kwa herufi zetu:

Twala'al badru alaina / min thaniyyaatil wadaa'
Wajabash shukru alaina / maa da'aa lillahi daa'
Ayyuhal mab'uuthu fiinaa / ji'ta bil amril mutwaa'
Ji'ta sharraftal madiina / marhaban yaa khaira daa'

Mistari ya tatu na ya nne haimo katika mapokezi ya zamani. Vitabu vya mapema huishia "lillahi daa'", na mengine yote utakayoyasikia kwenye rekodi, ambazo baadhi zinafika beti kumi na zaidi, yameongezwa na washairi na waimbaji wa baadaye. Hakuna ubaya kuyaimba. Ubaya ni kumwambia mtoto kwamba yote yalitamkwa siku moja Madina.

Yanamaanisha nini?

Kwa Kiswahili cha kawaida: Mwezi mpevu umetuchomozea kutoka vipenyo vya Wadaa. Imetuwajibikia kushukuru, maadamu yupo mwenye kulingania kwa Mwenyezi Mungu. Ewe uliyetumwa kwetu, umekuja na jambo la kutiiwa. Umekuja ukautukuza mji. Karibu, ewe mbora wa walinganiaji.

"Badru" ni mwezi wa usiku wa kumi na nne, ule unaojaa na kuiangaza njia, na hapa anasifiwa kwao Mtume Muhammad (s.a.w.). Mwandamo una neno lake jingine, hilali. Nalisema hili kwa sababu picha nyingi za watoto zinazochorwa pamoja na kasida hii huonyesha mwezi mwembamba wa Idi, na mtoto akiuliza kwa nini, mwalimu hana jibu.

"Thaniyya" ni njia inayopita kati ya vilima. Wadaa ni kuagana: ndipo wenyeji wa Madina walipokuwa wakiwasindikiza wasafiri na kuwaaga.

Je, iliimbwa siku Mtume alipoingia Madina kutoka Makka?

Ndivyo wengi tulivyofundishwa: mwaka 622, Hijra, watoto na wanawake wa Madina wametoka nje wakiimba. Wanavyuoni wana mjadala mrefu juu ya jambo hili, na ni mjadala unaofaa kuwafikia hata wanafunzi wa madarasa ya juu.

Mapokezi hayo yamo katika Dalaail an-Nubuwwa cha Imam al-Bayhaqi, aliyefariki mwaka 1066. Yanamtegemea mtu aitwaye Ibn Aisha, ambaye aliishi mpaka karne ya tatu ya Hijra. Kati yake na siku ile kuna vizazi kadhaa visivyotajwa, na kwa hiyo wataalamu wa hadithi wameihesabu sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi, kuwa dhaifu.

Tatizo la pili ni la jiografia. Ibn al-Qayyim, katika Zaad al-Ma'aad, anasema Thaniyyatul Wadaa iko upande wa Sham, kaskazini ya Madina. Anayetoka Makka anaingia kwa kusini, kupitia Quba, kwa hiyo haipiti. Rai yake ni kwamba wimbo uliimbwa Mtume aliporudi kutoka Tabuk, iliyo upande huo wa kaskazini, mwaka wa 9 wa Hijra, yaani 630. Na hapo ana jambo la kumsaidia: katika Sahihi Bukhari, Saib bin Yazid anakumbuka kwamba akiwa mtoto alitoka pamoja na watoto wenzake mpaka Thaniyyatul Wadaa kumpokea Mtume akitoka Tabuk. Wimbo hautajwi katika hadithi hiyo, ila watoto na mahali vinatajwa.

Wengine hujibu kwamba Madina ilikuwa na njia zaidi ya moja zenye jina hilo, na ndiyo maana kasida inasema "thaniyyaat", kwa wingi. Binafsi hoja ya Tabuk naiona nzito zaidi. Lakini mwalimu anayesimulia Hijra akamaliza kwa kuimba Twala'al badru hajamdanganya mtu, alimradi aseme "imepokewa" na asiseme "imethibiti".

Kuna wimbo wa watoto wa zama zile ulio na sanadi nzuri zaidi?

Upo, nao ni mfupi. Katika Sunan Ibn Majah, Anas bin Malik anasimulia kwamba Mtume alipita mahali Madina akawakuta mabinti wakipiga dufu na kuimba: "Nahnu jawaarin min Banin Najjaar, yaa habbadhaa Muhammadun min jaar." Sisi ni mabinti wa Bani Najjar, ni uzuri ulioje Muhammad kuwa jirani yetu! Yeye akawajibu kwamba Mungu anajua kuwa anawapenda. Mstari mmoja tu, na unafaa sana kwa watoto wa chekechea ambao Twala'al badru bado ni ndefu kwao.

Ni sawa na ile tunayoimba kwenye maulidi tukisimama?

Hapana, ingawa zinachanganywa kila mwaka Mfungo Sita ukiingia. Ile ya kisimamo katika Maulidi ya Barzanji ni "Ya Nabii salaam alaika", na ndani yake kuna mstari unaoanza "Ashraqal badru alaina, fakhtafat minhul buduuru": mwezi umetung'aria, miezi mingine ikafifia. Mwanzo wake unafanana na Twala'al badru, na bahari yake, yaani kipimo cha mizani, ni moja: ile ya Kiarabu iitwayo ramal fupi. Kwa kuwa bahari ni moja, sauti ya kasida moja inaikubali nyingine bila shida, na pwani yetu watu wanabadilishana hivyo bila hata kugundua. Ukisikia Lamu wanaimba kwa sauti moja na Unguja kwa nyingine, hakuna aliyekosea.

Basi nota asili ziko wapi?

Hazipo, na hili ndilo jibu linalowaudhi walimu wa muziki kuliko yote. Aliyeutunga mdundo wa sauti yake hajulikani. Wala hakuna karatasi ya nota ya wakati ule ya kurejea, maana uandishi wa nota wa mistari mitano uliingia katika muziki wa Kiarabu karne nyingi baadaye. Kila karatasi utakayoikuta ni chaguo la mtu mmoja aliyeisikia kasida mahali fulani akaiandika, au aliyeipangia kwaya yake.

Kilichopokewa kwa uhakika ni bahari. Mshairi wa Kiswahili akiitazama ataiona nyumbani kwake: kila mstari una vipande viwili, ukwapi na utao, vina vya kati ni -na (alaina, alaina, fiina, madiina), vina vya mwisho ni -aa'. Ukwapi una mizani nane. Utao una saba, na ile "daa'" ya mwisho inavutwa mpaka inaijaza nafasi ya nane.

Ila Kiarabu kinahesabu na jambo ambalo ushairi wetu hauhesabu: silabi ndefu na fupi. Ramal inataka ndefu, fupi, ndefu, ndefu. Na mwanzoni inaruhusu fupi, fupi, ndefu, ndefu. Kwa hiyo "ta-la-'al-bad" inaanza kwa fupi mbili, lakini "ay-yu-hal-mab" inaanza kwa ndefu. Hapo ndipo unapoipima karatasi ya nota.

Nitajuaje karatasi niliyoipata ni nzuri?

Tazama kwanza jinsi maneno yalivyokatwa chini ya nota. Ikiwa imeandikwa "Ta-la-a al-ba-dru", iache. Ile "al" haina silabi yake hapa. Inamezwa na herufi iliyotangulia, na kinachosikika ni "ta-la-'al-bad-ru". Mwandishi aliyeipa "al" nota yake ameongeza pigo lisilokuwepo, na watoto watalazimika kukimbia kulifidia.

Kisha nenda ubeti wa tatu. Kama nota za ubeti wa kwanza zimerudiwa vilevile, na "ayyuhal" imewekwa juu ya nota mbili fupi za "tala", mwandishi alikuwa anajaza nafasi tu. "Ay" ni ndefu na inahitaji pigo zima. Karatasi nzuri huandika beti zote kikamilifu, au huonyesha tofauti hiyo kwa nota ndogo pembeni.

Tatu, angalia kama kuna alama za robo toni: bemoli (alama ya kushusha nota) iliyopigwa mstari. Zikiwepo, aliyeandika anazijua makamu, yaani ngazi za sauti, za Kiarabu. Zisipokuwepo si kosa, ila ujue amechagua ngazi ya Kizungu.

Na usishangae kuona herufi za Kiarabu zimekatwakatwa silabi moja moja. Nota zinasomwa kutoka kushoto na Kiarabu kutoka kulia, kwa hiyo silabi zinafuata nota, na mtoto anayejua kusoma Kiarabu atachanganyikiwa kidogo siku ya kwanza.

Naomba angalau kitu cha kuanzia darasani.

Haya. Hii ni sauti ya mazoezi niliyoipanga kwa kufuata bahari, wala usiite ya asili. Ni vipimo vinne vya mapigo manne. Mstari wa kwanza ni maneno, wa pili nota, wa tatu idadi ya mapigo kwa kila silabi.

Ta – la – 'al – bad | ru – 'a – lai – na | min – tha – niy – yaa | til – wa – daa'
do – do – re – mi | fa – fa – mi – re | re – re – mi – fa | mi – re – do
½ – ½ – 1 – 2 | ½ – ½ – 1 – 2 | 1 – ½ – 1 – 1½ | 1 – ½ – 2½

Ubeti wa pili unafuata hivyohivyo. Ubeti wa tatu na wa nne hutumia nota zilezile, lakini ukwapi wake unachukua mapigo ya utao: 1, ½, 1, 1½ katika vipimo vyote vitatu vya mwanzo. Waambie watoto wapige makofi kwanza bila sauti, mpaka tofauti ya "tala" na "ayyu" iwakae mikononi. Sauti haivuki fa, kwa hiyo hata mtoto wa miaka mitano anaiweza.

Walimu waliozoea solfa za kwaya, zile za d, r, m, f, wataiandika ubaoni kwa dakika moja.

Makamu yake ni ipi?

Inategemea anayeimba. Utaisikia katika Rast, katika Bayati, na pia katika ngazi kuu ya kawaida ambayo Waarabu huiita Ajam. Sauti ya mazoezi hapo juu ni Ajam. Ukiishusha mi robo ya toni na kuacha nyingine zote, umeingia Rast. Ukiisogeza yote juu hatua moja, ikaanzia re, na mi ikabaki imeshushwa hivyohivyo, umepata Bayati, ambayo masikio ya pwani huipokea haraka zaidi kwa kuwa yameizoea katika visomo na taarabu.

Si ajabu kwamba Zanzibar wapo wapigaji wengi wanaolielewa jambo hili bila kusoma nota. Taarabu ililetwa katika kasri ya Sultani Barghash (1870–1888) kutoka Misri, na kundi la Ikhwani Safaa limekuwapo tangu 1905. Anayetaka kujifunza makamu pamoja na kuandika nota, chuo cha Dhow Countries Music Academy kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002 kilijengwa kwa kazi hiyohiyo: ala za nyuzi kama kanuni, udi na fidla, na karatasi mbele.

Kinanda changu hakina robo toni. Nifanyeje?

Usijaribu kubahatisha kwa kupiga mi na mi bemoli pamoja. Vinanda vya umeme vilivyotengenezwa kwa soko la Kiarabu vina vitufe vya kushusha nota robo toni. Vingi vya kawaida havina. Kama chako hakina, imba Ajam na kinanda, au kizime kinanda kabisa uache watoto na matari. Udi na fidla hazina vizuizi shingoni, na kanuni ina vipande vidogo vya kuinua na kushusha nyuzi, ndiyo maana vyombo hivyo havipati taabu hii.

Ala zinaruhusiwa?

Wanavyuoni wametofautiana, na madrasa nazo zimetofautiana. Wengi wameruhusu dufu. Msikiti wa Riyadha wa Lamu maulidi yake yana matari miaka mingi. Kwingine ni sauti tupu. Fuata ada ya mahali unapofundisha, na kasida hii haipungukiwi kitu ikiimbwa bila ala.

Watoto wanakosea wapi katika matamshi?

Karibu kila mara ni kwenye konsonanti zinazokutana. Ulimi wa Kiswahili unapenda kila silabi iishie na irabu, kwa hiyo "badru" inakuwa "badiru", "shukru" inakuwa "shukuru", "amril" inakuwa "amuril". Kila irabu iliyoongezwa ni silabi mpya, na kwa kuwa nota hazikuongezwa, mstari unafurika. Mwalimu wa muziki husema watoto hawafuati pigo, kumbe pigo wanalifuata vizuri tu. Maneno ndiyo yamezidi. Rekebisha matamshi kwanza, mdundo utajirekebisha.

"Th" ya "thaniyyaat" na ya "mab'uuthu" ni ile ya thelathini, na "kh" ya "khaira" ni ile ya kheri kwa wanaoitamka. Ain, herufi ya Kiarabu inayotoka kooni, ndiyo ngumu: katika "mab'uuthu" lazima kuwe na mkato kati ya mab na uu. Na "daa'" ya mwisho inafungwa na ain hiyohiyo, isiachwe ikaelea kama mtu anayepiga miayo.

Kuhusu tahajia, "Twalaal", "Tala'a al" na "Talaal" zote utaziona. Ile ya "tw" ni njia ya zamani ya pwani ya kuonyesha herufi nzito. Ukitafuta mtandaoni, jaribu zote.

Kuna mpangilio wa kwaya wa sauti nyingi?

Upo zaidi ya mmoja. Uliosikika sana ni wa mwanamuziki wa Kanada, Laura Hawley, ulioimbwa na kwaya ya wanafunzi wa shule ya De La Salle mjini Ottawa. Video yake ilienea duniani Desemba 2015, ikisambazwa na maelezo kwamba watoto wale walikuwa wanawapokea wakimbizi wa Syria. Ilikuwa tamasha la shule, na wimbo ulikuwa kwenye ratiba yao. Maelezo ya wakimbizi yalitiwa na waliosambaza. Hata hivyo si vigumu kuona kwa nini watu waliamini, maana ni kasida ya kumpokea mgeni.

Mwimbaji wa Uingereza, Yusuf Islam, naye aliitia kwenye albamu yake ya mwaka 1995, The Life of the Last Prophet, na vijana wengi waliokulia Ulaya na Marekani waliijua kupitia huko.

Naweza kunakili karatasi hizo kwa darasa zima?

Maneno ni ya watu wote. Mpangilio wa mtu aliye hai ni mali yake, na kwaya hutakiwa kununua nakala kwa idadi ya waimbaji. Rekodi pia zina wenyewe. Ukitaka kurekodi na kuuza toleo lako, ulizia taasisi za hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya. Ukiandika nota zako mwenyewe kwa kuisikiliza bibi yako, hizo ni zako.

Inaimbika kwa Kiswahili?

Inaimbika, mradi ukubali kuacha kitu. Ukishika maana neno kwa neno unapoteza vina, na ukishika vina unalegeza maana. Hili ni jaribio la beti tatu, nane kwa nane:

Mwezi umezuka kwetu, kwa vilima vya Wadaa
Shukurani deni letu, daima na kila saa
We uliyetumwa kwetu, amri yako twatwaa

Katika mstari wa pili "maadamu yupo mlinganiaji" imegeuka "daima na kila saa", nami sikupata njia nyingine yenye kina. Kiswahili hakina ndefu na fupi za ramal, kwa hiyo usiyaweke maneno haya kwenye mapigo ya jedwali la juu. Ipe kila silabi pigo moja, isipokuwa ya mwisho ya kila kipande, ambayo unaivuta. Watoto wengine wataimba Kiarabu kwanza, kisha kundi la pili lijibu kwa Kiswahili kwa nota zilezile.

Ubeti upi ufundishwe kwanza?

Wa tatu. Mapigo yake karibu yote yanafanana, hauna zile fupi mbili za mwanzo, na ukiwakaa vizuri, wa kwanza utawajia wepesi. Wengi huanza na wa kwanza kwa sababu ndio wenye jina la wimbo, kisha wanafundisha upya mapigo wakifika "ayyuhal".